Fani za Vijana na Ukaazi wa Ng'ambo

Swali lililokuwa likiulizwa Darajani na Kariakoo sasa linaulizwa pia Ihanja. Kata hiyo ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ni nchi ya alizeti, mtama na ng'ombe. Haina bandari, wala watu wake hawana mazoea ya kale ya kuvuka bahari kama walivyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Hata hivyo, kijana amalizaye kidato cha nne huko, mwenye simu mkononi na jamaa yake mjini, haulizi tena kazi gani itampatia mshahara tu. Anauliza ni fani ipi, miongoni mwa zile ambazo wazazi wake wanamudu kumsomesha, itakayomfungulia ukaazi wa kudumu katika nchi ya mbali.

Kulikuwa na wakati ambapo safu kama hii ingemjibu kijana huyo kwa neno moja: usaliti. Sisi hatuoni kuwa jibu hilo lilimsaidia mtu yeyote, na leo lingekuwa dhuluma. Mwaka 2022 Serikali ilipotangaza nafasi zipatazo 17,000 za walimu na watumishi wa afya, maombi yaliyofika yalizidi nafasi hizo mara nyingi. Hao walioomba walikuwa wamekwisha kusomeshwa kwa jasho la wazazi wao na kwa fedha za umma. Muuguzi aliyehitimu akakaa nyumbani huku zahanati ya jirani ikikosa muuguzi, hapana budi atatazama upande mwingine. La maana, basi, ni kuangalia kama anatazama mahali penye njia.

Jambo la kwanza ambalo halina budi kufafanuliwa ni kwamba kazi rahisi kuipata nje na kazi ifunguayo ukaazi ni mambo mawili mbalimbali. Wasomaji wetu wa visiwani wanalijua hili kuliko watu wa Ihanja. Kazi za nyumbani huko Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ndizo zilizo karibu zaidi na binti asiye na cheti, lakini ukaazi wake unafungamana na mwajiri anayemdhamini, na mkataba ukiisha safari imekwisha. Akae miaka 2 au akae 20, kazi hiyo kwa yenyewe haimpatii ukaazi wa kudumu. Ni kweli kwamba Wazanzibari wengi walipokewa Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, tena elimu yao iliwafaa sana wao na nchi iliyowapokea. Lakini mlango waliopitia ulikuwa wa nasaba. Asiye na babu huko asijipime kwa kipimo chao. Ubaharia nao uko katika hali hiyo hiyo: baharia huona bandari nyingi na kulipwa kwa fedha za kigeni, wala hakuna bandari inayomhesabu kuwa mkaazi kwa sababu ya kuteremka kwenye gati lake.

Nchi zenye mlango wa kazi, yaani Kanada, Australia, Ujerumani na Uingereza, hutumia orodha. Serikali ya huko hutaja fani inazozihitaji, hupima umri, lugha, elimu na uzoefu wa mwombaji, kisha huamua. Kijana akiiona orodha hiyo hudhani amepewa ahadi. Kwa kweli ni tangazo la mahitaji ya soko, na hubadilika kama bei ya karafuu inavyobadilika.

Kisa cha Australia kinafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Katika miaka ya 2000 nchi hiyo ilikuwa na orodha ya fani zenye uhaba, na ndani yake zilikuwamo upishi na ususi wa nywele. Habari zikaenea, hasa India, kwamba kozi fupi ya upishi mjini Melbourne ni njia ya mkato kuelekea ukaazi wa kudumu. Vyuo vya binafsi vikachipuka kama uyoga. Vijana waliokuwa na shahada za uhasibu, na ambao hawakupata kushika mwiko maishani mwao, wakajiandikisha kuwa wapishi. Wazee wao waliweka rehani mashamba. Mwezi Februari 2010 serikali ya Australia ikaifuta orodha hiyo, na ikatangaza kwamba maombi yapatayo 20,000 ya watu waliokuwa nje ya nchi yangesimamishwa na ada zao kurudishwa. Ada ya ombi ilirudi. Karo ya chuo na shamba la mzee havikurudi. Vyuo vingi vilivyoishi kwa biashara hiyo vikafunga milango, na wengi waliosomea upishi bila kuupenda wakabaki na cheti cha kazi ambayo hawakukusudia kuifanya hata siku moja.

Asije mtu akasema hayo ni ya zamani. Uingereza iliwafungulia mlango wahudumu wa wazee na wagonjwa mwezi Februari 2022, kazi isiyodai shahada. Mwezi Machi 2024 ilikataza wahudumu wapya kuja na wake, waume au watoto wao. Mwezi Julai 2025 ikafunga kabisa uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka nje. Mlango ulidumu chini ya miaka mitatu na nusu, ambayo ni muda mfupi tu kuupita ule wa kusomea stashahada ya uuguzi hapa kwetu. Hata kwa waliokwisha kuingia, mwaka huo huo wa 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kungojea ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Kanada nayo iliwaweka madereva wa malori katika kundi la upendeleo mwaka 2023, ikaliondoa kundi la uchukuzi mwaka 2025 na kuingiza elimu. Ufilipino, ambayo ni bingwa wa dunia katika kusomesha wauguzi kwa ajili ya nje, ilifika mahali pa madaktari kurudi darasani kusomea uuguzi ili wapokelewe Marekani. Viza za Marekani zilipobanwa, maelfu ya wauguzi wakabaki bila kazi kwao.

Kwa hiyo kijana wa Ihanja ashauriwe nini? Maoni yetu ni kwamba aanze na fani ambayo ingemlisha hata kama asingetoka Singida, kisha ndani ya hizo achague ile inayotambulika kwa mizani ya nchi nyingine. Uuguzi umo. Umeme, uchomeleaji na ufundi bomba vimo. Fundi umeme aliyefunzwa vizuri katika chuo cha VETA hatakosa nyumba ya kutia nyaya Ikungi, na fani yake imekuwamo katika orodha za nchi mbalimbali kwa miaka mingi. Kinachomkwamisha aghalabu si fani yenyewe. Ni cheti chake kutolinganishwa na cha huko, ni uzoefu wa kazi usio na barua wala hati za malipo, na ni lugha.

Juu ya lugha tunasema zaidi, maana hapa ndipo mtu wa kawaida anapoweza kujiongezea nafasi kwa jitihada yake mwenyewe. Tangu mwaka 2023 Kanada imekuwa ikiwaita wajuao Kifaransa kwa alama za chini kuliko waombaji wengine, nasi tumepakana na Burundi na Kongo. Ujerumani huruhusu kijana kuingia kama mwanafunzi wa ufundi, akasoma na kufanya kazi kwa mwajiri huku akilipwa posho, mradi awe amekifahamu Kijerumani kiasi cha kutosha kabla ya kuondoka. Akihitimu huko na kufanya kazi ya fani yake kwa miaka 2, sheria inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu akitimiza masharti mengine. Njia hii ni ngumu, tena ya polepole. Huenda ndiyo sababu mawakala hawaitangazi sana: mwaka mzima wa kujifunza sarufi ya Kijerumani hauna kamisheni.

Mawakala hao tuwatazame kwa macho makavu. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania, mwaka 2023, katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imejifunga kutopeleka waajiri kuwasaka wauguzi katika nchi za namna hiyo. Muuguzi mmoja mmoja hakatazwi kuomba mwenyewe. Lakini mtu akija Singida au Chake Chake na kudai kwamba ametumwa na hospitali za Uingereza kukusanya wauguzi, na kwamba ada yake ni bei ya jozi ya maksai, basi aulizwe maswali kabla maksai hawajauzwa.

Kwa upande wa Serikali, wakuu wasione kuwa ulinzi huo unatosha. Kenya ilitia saini mapatano na Uingereza mwaka 2021 kuhusu watumishi wa afya, na mwezi Septemba 2024 ikatiliana mkataba na Ujerumani kuhusu uhamiaji wa wenye ujuzi. Mtu anaweza kuyalaumu mapatano hayo kwa mengi, ila angalau yanajulikana, na Mkenya aweza kuuliza ofisi yake haki zake ni zipi. Sisi tuna tatizo la ziada. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, ilhali kazi na afya kila upande unasimamia kivyake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu ilionyesha kuwa taratibu za pande mbili zilitofautiana. Wakala anayebanwa Bara huvuka kivuko na kumpitisha binti Unguja, na pasi ni ile ile. Wizara mbili za kazi zikiwa na daftari moja la mawakala, lisomwalo kwa pamoja na Idara ya Uhamiaji, mwanya huo ungezibika bila kuhitaji fedha nyingi. Na vyuo vya ufundi na vya uuguzi vingebandika ubaoni, kila mwaka, fani zinazotakiwa, nchi gani, masharti yake na tarehe yaliyotangazwa.

Limebaki jambo la uraia, ambalo huchanganywa mno na ukaazi. Mwenye ukaazi wa kudumu hubaki Mtanzania. Akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, akiwa mtu mzima, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humwondolea uraia wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyopitishwa, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2025 yalileta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, lakini hayakuwarudishia uraia. Kijana anayeondoka Ihanja na kuacha shamba la alizeti kwa jina lake yafaa ayajue haya kabla ya kupanda ndege, na afisa wa uhamiaji anayemkabidhi pasi ndiye mtu wa kwanza awezaye kumwambia.