Harusi Yetu, Riziki ya Nani?



Mfunguo Mosi ukishaandama, mji wetu haulali. Kila wiki mtaani kuna nyumba imetundikwa taa, kuna masufuria ya pilau uwani, na kuna bi harusi ndani anasingwa. Huyo bi harusi ni mnunuzi mkubwa. Nguo, dhahabu, manukato, kitanda, mapazia, chakula, keki, maua, picha: pesa ambazo familia mbili zimejinyima miaka kuzikusanya zinatoka ndani ya mwezi mmoja.

Leo tunauliza suala moja tu. Pesa hizo zinakwenda kwa nani?

Tunauliza kwa sababu tunayoyaona hayapendezi. Gauni limeagizwa Uturuki kwa kuangalia picha kwenye simu. Maua ni ya plastiki, yameshuka na kontena kutoka China. Zawadi za wageni ni vikopo vya plastiki vilivyoandikwa majina ya maharusi, na sahani ni za foam. Hayo yote yamelipwa mwanzo, taslimu, bila neno. Kisha bi harusi na mashoga zake wanafika Darajani kwa mama anayefunga vikuba, na hapo ndipo ubahili unapoanza: "Mama, punguza mia tano." Mamilioni yametoka kimya kimya, mia tano ndiyo inayogombaniwa! Hapo pana kasoro, na tutaisema.

Vya kwetu vimekosa nini?

Kitazame hicho kikuba. Asumini huchumwa jioni kingali fumba, ili kifunguke usiku juu ya mwili wa bi harusi. Kinafungwa pamoja na mrehani, mkadi, na kilua kikipatikana. Shilingi yako moja hapo inagawika kwa aliyepanda, aliyechuma, aliyebeba kutoka shamba kuja mjini, na aliyekaa na uzi akafunga. Asubuhi kikinyauka kinarudi udongoni. Ua la plastiki halina harufu, halikumlisha mtu wa kisiwa hiki ila aliyelipandisha kwenye rafu, na likichakaa linaishia mtaroni.

Itazame singo. Liwa, mawaridi makavu, karafuu, asumini na marashi, kila somo ana mchanganyiko wake, na wengi waliupokea kwa bibi zao. Hoteli za ufukweni zimeshaijua thamani yake. Wageni wanatoka Ulaya wanalipa fedha za kigeni wasuguliwe singo ile ile, wakati mtoto wa Kikwajuni anaiona ya kishamba na kutafuta kopo lililoandikwa lugha asiyoisoma. Mgeni amekijua kilicho chetu kabla yetu!

Halafu kuna mwani. Kilimo chake kilianza hapa Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake, mama zetu wa Paje, Jambiani na kwengineko, wanaoingia maji ya kiunoni bahari ikitoka. Maji ya bahari yamezidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ngumu kuota. Mwani mkavu unauzwa kwa bei ndogo, unapelekwa nje, unakamuliwa ute wake, na ute huo unatiwa kwenye dawa za meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka. Tukishaununua kwenye chupa ya mafuta yenye picha ya mwanamke wa mbali, tunakuwa tumelipia jasho la mama wa Paje, ila yeye amepata makombo. Na wapo wanawake, Paje na Kidoti, wanaotengeneza sabuni ya mwani wenyewe, yenye karafuu na mchaichai. Pemba, kiwanda cha Wawi kinakamua mafuta kutoka makonyo ya karafuu. Sabuni na mafuta hayo yatie kwenye begi la bi harusi uone kama yatapungukiwa kitu mbele ya vya Dubai.

Hatusemi kila cha asili ni salama. Hina ya majani inatoa rangi nyekundu au ya udongo, na inachukua muda kukolea. Ile piko nyeusi inayoshika upesi ni rangi ya nywele. Nyingi zina kemikali inayoitwa PPD, ambayo Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kipimo, si kuchorea ngozi. Inaweza kukutoa malengelenge usiku wa kuamkia harusi, na mwili ukishaikataa unaweza kuikataa maisha. Mchoraji anayekwambia, "Sichori piko, ninachora hina, njoo siku mbili kabla," anakulinda. Huyo ndiye wa kumlipa vizuri.

Sare ya siku moja

Sasa tuje kwenye sare, maana hapa ndipo wengi hununa.

Tuchukue mfano. Harusi ina wanawake 100 wa sare, na kila mmoja anatakiwa kutoa shilingi 40,000 za kitambaa. Hizo ni milioni nne. Harusi ya pili ya ukoo huo huo, mwezi ujao, sare nyengine. Ya tatu, nyengine tena. Mama mwenye watoto watatu wa kike anakopa kwenye upatu ili wanawe wasionekane wamevaa sare ya harusi iliyopita. Ile ya mwanzo iko kabatini, imevaliwa saa nne.

Huo ni ubadhirifu, na Qur-ani imeshawataja wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Tusiipakae hina hukumu hiyo ili ipendeze.

Tunajua watatujibu kwamba sare inampa riziki muuza vitambaa wa Mchangani na fundi cherehani wa Mlandege. Ni kweli, na wao ni wetu. Kisiwa hiki kimeishi kwa biashara ya bahari, hatuna ugomvi na muuza duka anayeleta bidhaa kwa halali. Hata kanga tunazojifunga nyingi zinachapwa India na China. Lakini riziki ya fundi haitegemei wewe ulipie kitambaa kibovu mara tano kwa mwaka. Chagua kanga moja nzuri iwe sare, itafaa kesho jikoni, kumbebea mtoto, na kujifunika kwenye khitma. Au sema rangi tu, kila mtu avae alichonacho cha rangi hiyo, na asiyenacho ashone dira moja kwa fundi wa mtaa wake, litakalovaliwa Idi mbili. Fundi atapata, na mama hatakopa.

Bei ya shoga

Hili linatuuma kuliko yote.

Mji huu umejaa wanawake wanaofanya kazi sebuleni kwao. Mmoja anaoka keki, mwengine anachora hina, mwengine anapamba, mwengine anapika visheti na vileja kwa oda. Hana duka wala kibao. Ana namba ya simu na jina lake jema. Na msimu wa harusi ukifika, simu zinalia hivi: "Shoga yangu, wewe si mtu wa nje. Hiyo keki ndiyo iwe zawadi yako kwangu." Au: "Nifanyie nusu bei, nitakutangaza." Au mbaya zaidi, anafanya kazi yote, halafu anaambiwa asubiri bi harusi atoke fungate.

Unga haununuliwi kwa kutangazwa. Muuza mayai hapokei shukrani. Mwenye ukumbi amelipwa kabla hujaweka kiti kimoja. Kwa nini yeye tu ndiye wa kusubiri?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakumtoa katika hukumu hiyo mfanyakazi ambaye ni shoga yako. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka alichokipata. Mama zetu hao wametuachia heshima ya pato la mwanamke. Anayemnyima mwanamke mwenzake ujira kisha akajipamba kwa kazi ya mikono yake, amejipamba kwa dhulma.

Kama shoga atataka kukuzawadia, aseme mwenyewe. Zawadi haiombwi kwa nguvu.

Sinia na kawa

Asubuhi ya baada ya harusi, pita uwani utazame. Tuchukue tena mfano: wageni 300, kila mmoja chupa mbili za maji. Ni chupa 600 kwa usiku mmoja, bado sahani, vijiko, vikombe na mifuko. Zanzibar tulikuwa mbele katika kukataza mifuko ya plastiki. Tanzania Bara marufuku yake imeanza tarehe 1 Juni 2019, sisi tulishatangulia. Halafu tunaipitisha plastiki hiyo hiyo kwa mlango wa shughuli, na jina la bi harusi limeandikwa juu yake! Inayobahatika inabebwa hadi jaa la Kibele. Isiyobahatika inaziba mtaro, na masika yakija, maji yanaingia nyumbani kwa wale wale waliokuja kula pilau.

Wazee wetu walikula kwenye sinia. Watu wanne au watano kwa sinia moja, limefunikwa kawa lililosukwa kwa ukili, wananawa kwa birika, wanakula kwa mkono, wanakula pamoja. Ni sunna, na hakuna kijiko cha kutupa. Mabaki ni machache, kwa sababu sinia lisilomalizwa linaongezewa jirani. Masinia ya kukodi yapo mitaani, na wengi wanaoyakodisha ni wanawake. Mikeka ya ukindu ya kukalia inasukwa na mama zetu wa mashamba. Halua ilikuwa ikifungwa kwenye vipakacha, na kipakacha kikitupwa ni jani tu.

Ukimwambia mtu haya anasema, "Wageni watatuona masikini." Mgeni anayepima heshima ya nyumba kwa foam ana maradhi yake mwenyewe, na si wajibu wa bi harusi kumtibu.

"Lakini mafundi wa kwetu waongo"

Hoja hii tunaisikia sana, na hatutaikwepa. Wapo mafundi wanaosema Alkhamisi na gauni linatoka Jumapili. Wapo wapambaji wanaopokea harusi tatu siku moja. Kuvunja ahadi ni alama ya unafiki, na mfanyabiashara Muislamu hana ruhusa nayo. Dada mwenye biashara, ukitaka tukutetee, simama kwenye neno lako. Ukizidiwa na kazi, sema huwezi. Ukipokea amana, andika.

Lakini dawa ya fundi mzembe ni fundi mwengine wa mji huu huu. Gauni la Uturuki likija limebana, utamrudishia nani? Fundi wa Mlandege unaujua mlango wake. Utakwenda na mama yako, na litatanuliwa siku hiyo hiyo.

Bi harusi, fanya hivi

Kaa na mama, shangazi na somo wako mapema, kabla ya kununua chochote, mpange haya:

- Kila kitu kwenye orodha, ulizeni kwanza: nani hapa mjini anakifanya? Akipatikana mwenye kazi nzuri, mpeni yeye. Asipopatikana, nunueni nje kwa amani.
- Kubalianeni bei, muandike, mtoe nusu mwanzo, na nusu siku ya kukabidhiwa kazi. Deni la hina lisilale.
- Sare iwe moja, tena ya kuvalika tena.
- Masinia, birika na madumu makubwa ya maji yatangulie. Chupa na foam zisiandikwe kabisa kwenye bajeti.
- Chakula kilichobaki kiwe na mtu wa kukigawa usiku ule ule, kabla hakijachacha.
- Mama wa vikuba mlipeni bei aliyosema. Mkitaka kuongeza, ongezeni.

Tumefundishwa kwamba ndoa yenye baraka zaidi ni ile yenye gharama nyepesi. Lakini wepesi huo usiwe kwa kumkandamiza fundi. Punguzeni kwenye plastiki, kwenye sare ya pili, kwenye ukumbi wa kujionesha. Usipunguze kwenye ujira wa mwanamke aliyekesha akikuchora mikono.

Nanyi wanaume mnaotayarisha begi, ambao tunajua mnasomewa makala hizi na dada zenu: begi si lazima lijae Dubai. Mcheza kwao hutunzwa.

Tunamuomba Allah awape mabibi harusi wetu wa msimu huu ndoa za utulivu, awape mafundi wetu riziki ya halali na uaminifu wa kuitafuta, na atuepushe na israfu inayovaa nguo za furaha. Aamin.

Wassalaam alaykum.