Kiwanja Lushoto: Kodi ni ya Nani?

Wafanyakazi wengi wa Tanga na Dar es Salaam hutamani kujenga nyumba ya uzeeni katika milima ya Usambara, ama Lushoto mjini, ama Soni, ama Mlalo. Shauku hiyo ni njema. Lakini familia hujiwekea akiba miaka mingi, kisha ikaitoa yote siku moja kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili, bila kuuliza habari ya kodi.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Zamani ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Aliyeuza aliuza maendelezo, yaani nyumba na mimea. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ndizo zilizotambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Hata hivyo ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kinachohamishwa ni haki ya kuitumia.

Haki hiyo ikihama, malipo makubwa ni mawili. La kwanza ni kodi ya faida itokanayo na mauzo, nayo humwangukia mwuzaji. Kwa mkazi wa nchini ni asilimia 10 ya faida, wala si ya bei yote. La pili ni ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, ambao kwa kawaida humwangukia mnunuzi.

Tuchukulie kwamba mwuzaji alinunua kiwanja kwa shilingi 4,000,000, akatumia 1,000,000 kujenga ukuta wa kuzuia udongo, na sasa anauza kwa 12,000,000. Faida yake ni 7,000,000, na kodi ni 700,000. Ushuru wa stempu ni karibu 120,000. Asiyehifadhi stakabadhi za ukuta ule atapata taabu kuthibitisha gharama zake.

Ipo misamaha. Shamba lenye thamani ya chini ya shilingi milioni 10, lililolimwa walau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia mauzo, halitozwi kodi hiyo ya faida. Hili lina maana kubwa Usambara, kwani viwanja vingi jana vilikuwa mashamba ya viazi na kabichi.

Kodi ya mwuzaji humhusu mnunuzi pia, kwa sababu bila cheti cha Mamlaka ya Mapato kuonyesha kwamba imelipwa, Msajili wa Hati hasajili uhamisho. Mwuzaji akiondoka na fedha zote, mnunuzi hubaki na kiwanja kisicho na jina lake. Afadhali mkataba utamke nani analipa nini, na sehemu ya bei izuiliwe mpaka cheti kipatikane.

Wengine hushauriana kuandika bei ndogo ili kupunguza kodi. Huo ni udanganyifu, na mnunuzi hujiumiza mwenyewe. Shauri likienda mahakamani, karatasi yake itashuhudia ile bei ndogo tu. Na siku atakapouza, faida yake itaonekana kubwa mno. Tena hati isiyo na stempu haipokelewi kuwa ushahidi.

Kama ardhi ni ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 humtaka mnunuzi apitie Halmashauri ya Kijiji. Saini ya mzee wa ukoo peke yake haitoshi. Na kama juu yake ipo nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 humkataza mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, onana na mke wa mwuzaji, na watoto wake wakubwa pia. Haraka haraka haina baraka, na kiwanja chenye ugomvi hakijengeki.