Madiwani wa Watertown hawana utetezi

Wapo wanaosimulia kisa cha Watertown, jimboni Wisconsin, huku wakicheka: mji mdogo wa Marekani uliowashinda matajiri wa mashariki kwa kuhakikisha tu kwamba hapatikani mtu wa kukabidhiwa karatasi za mahakama. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Baraza la mji ule lilikosa mara mbili katika karne ya 19, na kosa ambalo wasimuliaji hulipita haraka ndilo kubwa zaidi.

Katikati ya miaka ya 1850 kila mji wa Wisconsin uliamini kwamba ukikosa reli umekwisha. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa ngano isiyofika Milwaukee haikuwa na bei. Watertown haukuwa mji wa wajinga. Ulijaa wahamiaji kutoka Ujerumani, na ni hapo Margarethe Schurz alipofungua shule yake ya chekechea mwaka 1856. Lakini baraza la watu hao likakubali kutoa hati fungani za mji kwa kampuni ya reli ya Watertown and Madison.

Itazameni hati yenyewe. Mji haukuwa na fedha, kwa hiyo ulitoa ahadi ya maandishi. Kampuni ilizichukua ahadi hizo kwenda kuziuza kwa wenye mitaji, na mji nao ukapewa hisa za kampuni. Hati ilikuwa na kuponi zake. Siku ya riba ikifika, aliyeishika alikata kuponi na kudai chake, hata kama hajawahi kukanyaga Wisconsin. Na nyuma ya ahadi hiyo kulikuwa na nini? Si reli, wala vichwa vya treni, wala mali ya wakurugenzi. Kulikuwa na mamlaka ya mji ya kutoza kodi ya majengo na ardhi. Kwa maneno mengine, madiwani waliweka rehani nyumba ya fundi viatu na duka la muuza vitambaa, kisha wakafunga kikao.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 1857 ulipopiga, kampuni za reli za Wisconsin zilifilisika moja baada ya nyingine. Hisa za mji zikawa za kufungia maandazi. Hati fungani, kwa kuwa zilishakwenda mikononi mwa watu wengine, zikabaki na nguvu yake yote. Wakulima wapatao 6,000 wa jimbo hilo nao walikuwa wameweka mashamba yao rehani kununua hisa za reli, na wengi walilia. Lakini mkulima alitia saini juu ya shamba lake mwenyewe. Diwani alitia saini juu ya shamba la jirani.

Tusiambiwe kwamba hakuna aliyeweza kujua. Mwaka 1856 kampuni ya La Crosse and Milwaukee, iliyoongozwa na Byron Kilbourn, mtu aliyewahi kuwa meya wa Milwaukee, iligawa hati zake kama njugu kwa wabunge wa jimbo. Gavana Coles Bashford alitengewa za dola 50,000. Hatuwatuhumu madiwani wa Watertown kwa rushwa. Tunasema waliishi katika jimbo ambamo reli zilinunua watu, na bado hawakudai dhamana ya maana kutoka kwa kampuni waliyoibeba.

Tukija kwenye kosa la pili, ndipo aibu inapokuwa wazi. Wenye hati walishinda kesi katika mahakama ya shirikisho. Mwaka 1868 ikatoka amri kwamba baraza litoze kodi na kulipa. Kabla ofisa wa mahakama hajawafikia, madiwani walio wengi wakajiuzulu. Amri nyingine ikatolewa, na wenye viti wakaingia mitini tena. Dawa ya deni ni kulipa, husema wazee. Watertown wakagundua dawa yao, barua ya kujiuzulu.

Na ilifanya kazi. Katika kikao kilichoanza Desemba 1873, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Ward Hunt, ilisema kwamba mahakama haiwezi kugeuka baraza na kutoza kodi yenyewe, wala mali ya mkazi mmoja mmoja haikamatwi kwa deni la mji. Mdai apewe amri nyingine, basi. Majaji Clifford na Swayne walikataa, na tuko upande wao. Mwaka 1889 mdai mwingine alirudi mahakamani humo akaambiwa kwamba wito haukufika ipasavyo, maana meya aliyepaswa kuupokea hakuwepo, na kwamba muda wa kudai ulikuwa umepita.

Wengine walisimama wakapambana. Dubuque, jimboni Iowa, ilibishana mahakamani hadi mwaka 1864 ilipoamriwa kuheshimu hati zake. Quincy, jimboni Illinois, ilijikinga na sheria ya mwaka 1863 iliyoweka ukomo wa kodi yake. Mwaka 1867 ikaambiwa kwamba sheria ya baadaye haifuti ahadi ya awali. Walishindwa, lakini walishindwa wakiwa wamekaa kwenye viti vyao.

Watetezi wa Watertown hutuambia kwamba wenye hati walikuwa walanguzi walionunua karatasi kwa bei ya kutupa. Wengine walikuwa hivyo, naam. Bei aliyolipa mlanguzi haifuti saini ya mji. Mwenye nia njema angewaita wadai mezani, akasema wazi mji unaweza kulipa kiasi gani, akapigania punguzo. Kufanya hivyo kunahitaji meya. Mji usio na meya wa kupokea wito hauna pia meya wa kupokea malalamiko ya mwananchi ambaye daraja la mtaani kwake limebomoka.

Hukumu yetu ni kwamba waliotia saini wana hatia kuliko waliokimbia, na waliokimbia wana hatia ya kutosha. Iowa iliweka kwenye katiba yake ya mwaka 1857 kwamba deni la mji lisivuke asilimia 5 ya thamani ya mali inayotozwa kodi. Illinois ikaipiga miji yake marufuku kununua hisa za reli mwaka 1870. Wisconsin ikakubali ukomo huo wa asilimia 5 mwaka 1874, takribani miaka 20 baada ya hati za Watertown kuuzwa, na ukomo huo haukufuta hata kuponi moja ya zamani.