Kiangazi Goma: mafundi cherehani wasingoje mwezi wa tisa

Mvua ikipungua mwezi wa sita na shule zikifunga, kazi ya mafundi wengi wa Birere na soko la Virunga inalala. Wanashona nguo za harusi mbili tatu, kisha wanangoja. Mwisho wa mwezi wa nane wazazi wanafika wote pamoja, wakitaka shati jeupe na suruali ao sketi ya buluu. Bei inapanda, umeme unakatika, na kuna mtoto anaanza masomo bila sare.

Hilo ni kosa, na linawaumiza zaidi wakimbizi wa ndani. Mama anayeuza makala kwa rundo hapati pesa ya sare nzima kwa siku moja. Anapata franka 500 leo, 1,000 kesho. Mbona fundi asimpokee tangu mwezi wa saba?

Basi tangazo la kiangazi lisiishie "karibuni wateja". Liseme bei kwa franka, siku ya kuchukua nguo, na kwamba kulipa kidogo kidogo kunakubaliwa. Litolewe baada ya ibada, sokoni kwa megafoni, na kwenye WhatsApp ya mtaa.

Wazazi wengine wataogopa, na wana haki: kuna mafundi waliowahi kuhama na pesa za watu. Kwa hiyo daftari ziwe mbili, moja ibaki kwa mama, na mkuu wa nyumba kumi ajue.

Tena, kati ya wakimbizi wenyewe wamo mafundi walioacha mashini zao Masisi na Rutshuru. Mwenye mashini mbili amkalishe mmoja wao kwenye ile inayolala, amlipe kwa kila sare.