Mamluki Asiulizwe Moyo Wake

Mike Hoare alikuwa na miaka 62 alipoongoza kundi la wanaume zaidi ya arobaini kushuka kwenye uwanja wa ndege wa Mahé, Shelisheli, Novemba 25, 1981. Walijifanya wanachama wa chama cha Kiingereza cha wanywaji bia wanaochangia watoto wasiojiweza, na ndani ya mabegi yao, chini ya midoli, mlikuwa na bunduki. Ofisa wa forodha akaigundua moja. Risasi zikarindima, na usiku huohuo ndege ya Air India iliyotua katikati ya vurugu ikatekwa, mamluki wengi wakaipanda wakakimbilia Durban. Serikali ya France-Albert René waliyokuja kuipindua ikabaki madarakani. Tangu hapo kisa hicho kimesimuliwa kama habari ya mtu mmoja: mkongwe wa vita vya Kongo mwenye chuki isiyopoa dhidi ya ukomunisti, aliyeshindwa kutulia nyumbani na kuzeeka kama wenzake. Vitabu vilimchora hivyo, na hata taazia zilizoandikwa alipofariki Februari 2020, akiwa na miaka 100, zilimchora hivyo hivyo. Picha hiyo huenda ni ya kweli. Lakini ndiyo iliyomkinga yeye na waliomwezesha, na sheria za kimataifa zimeipa uzito ambao haikustahili.

Tukubali kwanza kwamba chuki yenyewe haikuwa maigizo. Hoare alizaliwa Calcutta, akapigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, akasomea uhasibu, kisha akahamia Durban. Angeweza kuishi maisha ya starehe ya mzungu yeyote wa Afrika Kusini ya wakati ule. Badala yake alikwenda Katanga, jimbo la Kongo, mwaka 1961, na mwaka 1964 akarudi Kongo kwa mwaliko wa waziri mkuu Moïse Tshombe kuongoza kikosi kilichoitwa 5 Commando dhidi ya waasi wa Simba. Kikosi hicho kiliingia Stanleyville, Kisangani ya leo, Novemba mwaka huo, siku ileile askari wa miavuli wa Ubelgiji walipotua mjini. Mwaka uliofuata kilipigana Fizi na Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, dhidi ya waasi waliosaidiwa na Wakuba wa Che Guevara, ambao walikuwa wamepitia Dar es Salaam na Kigoma. Hoare aliondoka Kongo akiamini kwamba ameiokoa sehemu ya Afrika isimezwe na wakomunisti. Miaka 16 baadaye, René, rafiki wa Nyerere, mwenye askari wa Tanzania visiwani kwake, alikuwa machoni pake adui yuleyule aliyebadilisha jina na makazi. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema alifuata fedha tu, ijapokuwa vijana wake walikuwa wameahidiwa malipo.

Na hapo ndipo sheria inapojikwaa. Ibara ya 47 ya Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, iliyopitishwa mwaka 1977, inamwelezea mamluki kwa masharti kadhaa ambayo lazima yatimie yote kwa pamoja. Mojawapo ni kwamba kinachomsukuma hasa kupigana kiwe ni tamaa ya faida binafsi, na awe ameahidiwa malipo makubwa kuliko ya askari wa kawaida wa cheo chake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Libreville mwaka huohuo uliyachukua karibu masharti hayohayo. Waandishi wake walikuwa na nia njema. Walitaka kumtenganisha mpiganaji wa kukodiwa na mtu anayejitolea kwa imani. Lakini matokeo yake ni kwamba mwendesha mashtaka amepewa kazi ya kuthibitisha kilichomo moyoni mwa mtu, na mshtakiwa amepewa utetezi ulio tayari. Anachohitaji kusema ni kwamba alikuja kupigana na wakomunisti. Akiwa na historia ya miaka ishirini ya kuwachukia hadharani, nani atamwita mwongo? Kadiri chuki yake ilivyo ya kudumu na ya kweli, ndivyo anavyozidi kuwa mbali na sheria iliyotungwa kwa ajili yake.

Bob Denard aliielewa hali hiyo kuliko wote. Mamluki huyu Mfaransa alishiriki kumwondoa Rais Ahmed Abdallah wa Komoro mwaka 1975, akamrudisha madarakani mwaka 1978 kwa kumpindua Ali Soilih, kisha akakaa visiwani zaidi ya miaka kumi akiwa nyuma ya Kikosi cha Ulinzi wa Rais kilichogharamiwa na Afrika Kusini ya makaburu. Alisilimu, akaoa, akajenga makazi. Abdallah alipouawa Novemba 1989, Denard akiwa ndani ya ikulu, aliondoka chini ya ulinzi wa Wafaransa. Miaka kumi baadaye mahakama ya Paris ilimwachia kwa kukosa ushahidi. Septemba 1995, akiwa na miaka 66 na mguu unaochechemea, alirudi Moroni usiku kwa boti za mpira na watu wapatao thelathini, akamteka Rais Said Mohamed Djohar. Hakujinadi kama mfanyabiashara. Kumbukumbu zake alizipa jina la haramia aliyeidhinishwa na Jamhuri ya Ufaransa, na kila alipofikishwa mahakamani alidai kwamba alikuwa akihudumia nchi yake kwa ishara za watu ambao hawakutaka kuandika kitu.

Tazama basi walivyohukumiwa. Hoare na wenzake walipofika Durban, wengi waliachiwa bila mashtaka. Ni baada ya kelele za mataifa ndipo waliposhtakiwa, na waliposhtakiwa kosa likawa la kuteka ndege. Hoare alipewa miaka kumi na akatoka mwaka 1985. Kuivamia nchi, na kifo cha askari wa Shelisheli katika uvamizi huo, havikuwa ndani ya shtaka. Mahakamani Hoare alidai kwamba serikali ya Pretoria ilijua, na haikuwa porojo: mmoja wa waliokamatwa Mahé alikuwa jasusi wa Afrika Kusini, na baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano ilieleza ushiriki wa vyombo vya usalama vya nchi hiyo. Denard naye alihukumiwa Paris mwaka 2006 kwa kula njama ya uhalifu, miaka mitano ya kifungo kilichoahirishwa, huku mahakama ikikiri kwamba idara za ujasusi za Ufaransa ziliujua mpango wake. Hakuna ofisa wa idara hizo aliyesimama kizimbani pamoja naye. Wafaransa walipokuja kumtoa Denard Moroni, rais aliyepinduliwa, Djohar, walimpeleka Réunion, na miezi ikapita kabla hajarudi kwake.

Kwa mwajiri, kamanda mwenye kisasi ni bidhaa ya thamani kwa sababu mbili. Kwanza ni rahisi: atafanya kwa moyo kazi ambayo mwingine angeidai fedha nyingi zaidi. Pili, na hii ndiyo kubwa, kazi ikiharibika anakanika. Serikali inainua mabega na kusema huyo ni mzee mwenye wazimu wake, kila mtu anajua anavyowachukia wakomunisti. Chuki ya mtu mmoja inakuwa kifuniko cha sera ya dola nzima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba watu wa aina ya Hoare wamekwisha na Vita Baridi, kwa hiyo suala hili ni la wanahistoria. Utetezi umebadilika tu. Januari 2025 Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wakifanya kazi upande wa serikali ya Kongo walisalimu amri Goma, wakavushwa hadi Rwanda na kurudishwa kwao. Neno lililotumika kuwaeleza lilikuwa wakufunzi. Mwingine huja kama mlinzi wa mgodi, mwingine kama mpinga ugaidi. Mlango wa nia uliomtoa Hoare bado uko wazi kwa wote hao.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wetu wenyewe. Tukiacha kuuliza nia, tutamtenganishaje Hoare na Che? Wote walikuwa wageni, wote walibeba silaha Kongo, na Che alipigana dhidi ya serikali iliyotambuliwa kimataifa. Na vipi wageni walioshika bunduki pamoja na wapigania uhuru wa Msumbiji au Angola? Sitaki kulikwepa swali hili kwa kusema kwamba wetu walikuwa wema. Vyama vya ukombozi vilikuwa na kibali cha hadharani: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yenye makao Dar es Salaam, ilivitambua kwa majina, na nchi zilizovisaidia zilijulikana na ziliweza kuulizwa. Kipimo hicho kinaonekana kwa macho. Hakihitaji kupasua kifua cha mtu. Kuhusu Che, nakiri kwamba kipimo hicho kingemgusa, na Kuba ingetakiwa kujibu kwa kumtuma. Bei hiyo naikubali, maana wanakijiji wa Fizi hawakuulizwa na upande wowote kama wanataka nchi yao iwe uwanja wa kupimana imani.

Wapo pia wanaoomba huruma kwa sababu ya uzee. Denard alikuwa tayari amepoteza kumbukumbu mahakama ya rufaa ilipomhukumu mwaka 2007, na hakutumikia kifungo kabla ya kufa Oktoba mwaka huo. Huruma ya kutomfunga mgonjwa naielewa. Lakini tusisahau kwamba alifika kizimbani akiwa mzee kwa sababu kwa miaka mingi kulikuwa na watu wenye maslahi ya kutomfikisha.

Afrika Kusini, nchi iliyomhifadhi Hoare, ndiyo iliyoonyesha njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1998 inakataza umamluki wa kutafuta faida, na pia inakataza kutoa msaada wa kijeshi nje ya nchi bila kibali. Kifungu hicho cha pili hakijali kama unachukia au unapenda. Ndicho kilichomnasa Mark Thatcher, mtoto wa aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliyekiri kosa Januari 2005 na kutozwa faini ya randi milioni tatu kwa mchango wake katika njama ya kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta. Alikuwa mtu wa fedha, hakushika bunduki, na kwa masharti ya Geneva asingeitwa mamluki hata kidogo. Mamluki wa njama hiyo, waliokamatwa Harare mwaka 2004 wakiwa na kiongozi wao Simon Mann, walikuwa wakielekea Malabo. Ni katika mji huohuo wa Malabo, Juni 2014, Umoja wa Afrika ulipopitisha itifaki ya kuipa mahakama yake uwezo wa kusikiliza kesi za umamluki, na ndani ya itifaki hiyo sharti la faida binafsi likaandikwa tena. Itifaki inasubiri nchi 15 ziiridhie ili ianze kufanya kazi, na nchi hizo hazijatimia. Kabla hazijatimia, sharti hilo bado linaweza kufutwa.