Rio kwa Miguu: Msiishie Mlimani

Wanafunzi kadhaa mmeniuliza kama mtu anaweza kuitembelea Rio de Janeiro bila kampuni ya utalii. Anaweza. Treni ya chini ya ardhi inafika Copacabana ufukweni, na tramu inapita katikati ya mji hadi bandarini. Kuiona sanamu ya Kristo juu ya Corcovado, iliyozinduliwa 1931, kuna treni ya kupandia mlima. Nunueni tiketi mapema. Simu ikae mfukoni mkiwa barabarani, na mitaa ya bandarini iendeni mchana.

Ombi langu ni kwamba msiishie mlimani. Tengeni nusu siku kwa mtaa wa Pequena África, yaani Afrika Ndogo. Shukeni tramu Praça Mauá, kisha mtembee. Mtaanza na Pedra do Sal, mwamba uliochongwa ngazi, ambapo makuli wa bandarini wenye asili ya Afrika walikutana na samba ikakulia. Mbele yake ni Cais do Valongo, gati lililojengwa kuanzia 1811. UNESCO inakadiria kuwa Waafrika 900,000 hivi waliingizwa Amerika Kusini kupitia hapo. Mwaka 1843 gati lilifunikwa kwa mawe mapya ili kumpokea bibi harusi wa mfalme Pedro wa Pili, na halikufukuliwa hadi 2011. Sasa liko wazi, bila tiketi: mawe tu, chini kidogo ya usawa wa barabara.

Wengi wao walitoka Angola na Kongo. Lakini wapo waliopakiwa melini Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, kwenye Bahari yetu ya Hindi. Ndiyo maana niliwapeleka wanangu. Binti yangu wa miaka tisa aliuliza kama watu wale walijua wanakopelekwa. Nikamwambia hawakujua. Kutoka hapo tulikwenda kwenye kumbukumbu ya Pretos Novos, makaburi ya waliokufa kabla hawajauzwa. Mifupa yao iligunduliwa 1996, familia moja ilipokuwa ikikarabati nyumba yake. Huko binti yangu hakuuliza kitu. Alinishika mkono tu.

Watoto wetu ughaibuni hufundishwa utumwa shuleni kama habari za watu wa mbali. Rio wanausikia mdomoni mwa watu. Duka la matunda na mboga huitwa quitanda, na hutamkwa sawasawa na kitanda chetu cha kulalia. Neno hilo limetoka Kimbundu cha Angola. Kitinda mimba ni caçula, neno la huko huko. Wanangu walicheka sana, kisha wakaanza kuwinda mengine.

Mkienda na watoto, wasimulieni kabla ya safari, msiwashtukize pale gatini. Na mkirudi, niandikieni maneno mliyoyatambua.