Kituo cha njiani kiulizwe kabla ya tiketi kulipiwa

Kila inapokaribia Aprili na Oktoba, wafanyabiashara wa Kariakoo na wa mikoani huanza kupita kwa mawakala wa ndege wakitafuta tiketi za bei nafuu za kwenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho yanayojulikana kama Canton Fair. Maonyesho hayo yamekuwapo tangu mwaka 1957, na hayawafai wauza nguo na simu peke yao. Hata kikundi cha wakulima kinachotafuta mashine ya kusindika mazao kina sababu ya kutuma mtu.

Kwa wakala swali huwa moja: bei ya chini ni ipi? Ni wachache wanaouliza kama tiketi hiyo inamruhusu abiria kukaa siku mbili tatu katika mji ambao ndege itatua njiani. Kutouliza huko kuna gharama yake.

Mashirika mengi yanayobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Guangzhou huwapitisha kwenye makao yao: Emirates hupitia Dubai, Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa, na Qatar Airways hupitia Doha. Kwa utaratibu wa usafiri wa kimataifa, abiria anayesubiri kwa muda usiozidi saa 24 huhesabiwa kuwa anaunganisha ndege tu. Akizidisha hapo, amefanya kituo, au stopova kama wanavyoiita mawakala, na kituo kina masharti yake. Zipo tiketi zinazoruhusu kituo kimoja bila malipo, zipo zinazotoza ada, na zipo, hasa zile za punguzo kubwa, ambazo hazikiruhusu kabisa.

Chukulia kikundi cha wakulima wa viungo wa Muheza kinachotaka mashine ya kusaga na kufungasha iliki na pilipili manga. Mjumbe wake akikaa siku tatu Dubai kabla ya kufika China, atazunguka maduka ya viungo ya Deira, aone pakiti za ukubwa gani zinanunuliwa, zimeandikwa nini na zinauzwa dirham ngapi. Atafika Guangzhou akijua mashine anayoitaka. Akisubiri kupita Dubai wakati wa kurudi, atayajua hayo yote mashine ikiwa imeshalipiwa. Kwa muuza vyombo au vipuri mambo ni kinyume. Kwake kituo cha kurudi ndicho chenye maana, kwa sababu ataingia Dragon Mart, soko la bidhaa za Kichina lililofunguliwa Dubai mwaka 2004, akiwa na bei za kiwandani kichwani, na muuzaji wa huko hatampata kirahisi.

Hesabu yake si ngumu. Kwa namba za mfano tu, kama ada ya kituo ni dola 100, viza dola 100, malazi na chakula kwa siku tatu dola 240, jumla ni dola 440. Safari ya Dubai peke yake, kwa tiketi ya dola 500, ingekula dola 840 kwa kazi ileile. Hata hivyo, mjumbe asiye na miadi wala orodha ya maduka ya kutembelea atapata hasara hata kama kituo chenyewe kimetolewa bure.

Wengi huumizwa na kutojua jinsi bei zinavyopangwa. Viti vya daraja la kawaida havina bei moja. Shirika huvigawa katika mafungu yenye herufi, na kila herufi ina bei na masharti yake. Tiketi ya punguzo ni ya fungu la chini, lenye viti vichache. Ili kituo kiingie katika bei hiyo, fungu hilo lazima liwe na nafasi kwenye ndege ya kutoka Dar siku ya kwanza, na vilevile kwenye ndege ya kutoka Dubai siku ya nne. Nafasi ikikosekana, bei hupanda. Na pale masharti yanapokataza kituo, safari huvunjwa ikawa nauli mbili zinazojumlishwa, na punguzo lote likayeyuka. Wakati mwingine kusogeza safari siku moja mbele au nyuma kunatosha kuirudisha bei ya chini, lakini wakala hatajisumbua kutafuta asipoombwa.

Kwa hiyo ombi hilo lifanywe kabla tiketi haijatolewa. Anayenunua mwenyewe kwenye intaneti asichague safari ya kwenda na kurudi, bali ya miji mingi, kisha ajaze kila kipande na tarehe yake. Tiketi ikishatoka, kuongeza kituo ni mabadiliko. Pale ambapo mabadiliko yanaruhusiwa, abiria huweza kudaiwa faini, na juu ya faini tofauti ya nauli ya siku hiyo.

Wapo wanaodhani ujanja ni kushuka tu Dubai na kuiacha ndege iende. Begi lililoandikiwa Guangzhou kwa kawaida halitolewi kwa mwenyewe Dubai, na abiria asiyetokea kwenye kipande kimoja kwa kawaida hufutiwa vyote vilivyobaki, pamoja na cha kumrudisha nyumbani. Aidha, Mtanzania anayetoka nje ya uwanja wa Dubai anahitaji viza, nayo huombwa kabla ya safari. Kununua tiketi mbili za mashirika mawili ni halali na huenda ikawa nafuu, ila ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote, na kilo za mizigo zinazoruhusiwa huenda zisilingane.

Mawakala wanayaona masharti haya kwenye kompyuta zao, kwa Kiingereza cha vifupisho. Mteja apewe kwa Kiswahili, kwenye karatasi, kabla hajatoa pesa: kituo kinaruhusiwa au la, ada yake, gharama ya kubadili tarehe, na uzito wa mizigo. Baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA CCC, lina kila sababu ya kulisukuma jambo hili. Saccos inayomkopesha mwanachama nauli nayo idai karatasi hiyo pamoja na ankara, kwani faini italipwa kwa akiba za wakulima waliobaki shambani.

Awamu ya kwanza ya maonyesho ya Oktoba, ambayo ndiyo yenye mashine, huanza tarehe 15. Anayetaka siku tatu za Dubai kabla yake inambidi aondoke Dar Oktoba 10, akiwa na viza mbili mkononi. Mazungumzo na wakala yanapaswa kuanza Agosti.